Mimea Isiyoandikwa na Wajibu wa Kujua

Mwanafunzi wa Kabanga, wilayani Ngara, akitaka kujua ni mimea gani iotayo katika vilima vinavyoizunguka shule yake, ataelekezwa kwenye kazi moja kubwa iitwayo Flora of Tropical East Africa. Kazi hiyo ilitayarishwa na wataalamu wa nchi nyingi chini ya uongozi wa bustani ya Kew, Uingereza. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, na ndani yake zimeelezwa aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ni kazi ya kuheshimiwa. Miaka sitini si mchezo. Lakini mwanafunzi wetu hatapata humo jibu kamili la swali lake. Kazi hiyo imeigawa Tanzania Bara katika sehemu nane tu, na Kabanga imemezwa na sehemu ya kwanza, iandikwayo T1, yaani eneo lote la lililokuwa Jimbo la Ziwa zamani: Bukoba, Biharamulo na Ngara, Mwanza, Shinyanga, hata Musoma. Mmea uliochumwa mara moja tu karibu na Musoma huandikiwa T1, na msomaji asiye mwangalifu hudhani kwamba unaota Kabanga pia. Kinyume chake, mmea unaoota Kabanga, ambao hakuna aliyepata kuuchuma mahali popote katika T1, hauandikiwi kitu.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo twataka kulitafakari pamoja na walimu na wanafunzi. Kitabu kinaponyamaza, kimesema nini? Yawezekana mmea haupo. Yawezekana pia mmea upo, ila hakuna aliyekwenda kuutazama. Mambo haya mawili ni mbali kama ardhi na mbingu, lakini katika kitabu yana sura moja, nayo ni karatasi nyeupe. Tumezoea kuuchukulia ukimya wa kitabu kana kwamba ni ushahidi, na mazoea hayo yana madhara yanayozidi mambo ya mimea. Kwa muda mrefu Waafrika tuliambiwa kwamba hatuna historia kwa kuwa haikuandikwa. Jibu letu wakati ule lilikuwa kwamba pengo lilikuwa katika daftari la mwandishi, wala halikuwa katika maisha ya watu. Kama hoja ile ilikuwa ya haki kwa historia, basi ni ya haki kwa milima pia.

Yafaa kwanza tueleze jinsi mmea unavyoingia kitabuni, maana wengi hudhani wataalamu huketi wakahesabu kila kitu. Sivyo. Mtu hufika mahali, hukata tawi lenye maua au matunda, hulibana kati ya magazeti, hulikausha, kisha huliandikia kikaratasi: mahali, mwinuko, tarehe, jina la mchumaji, na pengine jina la wenyeji na matumizi yake. Tawi hilo huhifadhiwa kabatini. Kwetu leo ziko hifadhi Arusha na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na iko ile ya Afrika Mashariki ambayo ilihamishwa kutoka Amani kwenda Nairobi mwaka 1950. Kitabu huandikwa kutokana na matawi hayo. Basi mmea usio na ua siku alipopita mchumaji hauingii kitabuni, wala mmea ulio mbali na barabara, wala ule unaochanua wakati wa mvua ambapo gari halipiti. Ramani ya mimea ya Afrika, ukiichunguza sana, ni ramani ya njia za wasafiri.

Kwa upande wetu wa magharibi, njia ya kwanza iliyoandikwa ni ile ya misafara iliyotoka Tabora, ikapita Usui, katika Biharamulo ya leo, mpaka Karagwe. Speke na Grant walipita huko mwaka 1861. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe kwa Mfalme Rumanyika kwa miezi kadhaa, hadi mwaka 1862. Alikuwa mpenda mimea, na baadaye mikusanyo yake ilichapishwa London katika miaka ya 1870. Hivyo maradhi ya mguu wa mtu mmoja yaliipatia Karagwe nafasi katika elimu ya mimea. Vilima vya Ngara vilikuwa magharibi ya njia ile, navyo havikupata bahati hiyo. Kisha wakaja Wajerumani, na mikusanyo yao ilipelekwa Berlin, ambako sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea iliteketea kwa mabomu usiku mmoja wa Machi 1943. Mnamo mwaka 1960 ofisa wa serikali ya kikoloni, R. E. S. Tanner, alichuma mimea Bugufi na Bushubi, na mengi ambayo kitabu kile kinayasema juu ya Ngara yanatokana na mikono yake. Tunamshukuru. Lakini tazameni jinsi wilaya nzima ilivyotegemea kwamba bwana mmoja aliyepangiwa kazi ya utawala alipenda maua. Angepelekwa mtu aliyependa kuwinda, je?

Kabanga ina shida nyingine iliyo yake hasa, nayo ni mpaka. Ukisimama pale penye ofisi za forodha unaiona Burundi mbele yako; nyasi za upande huu na za upande ule ni nyasi zile zile. Zamani Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi iliyokuwa ya Wajerumani, Bugufi ikabaki Tanganyika. Mpaka huo uligawa watu, na pia uligawa vitabu. Mimea ya upande huu iliandikwa kwa Kiingereza katika kazi tuliyoitaja. Ile ya upande wa pili iliandikwa kwa Kifaransa, katika kazi nyingine iliyoanza kutoka Brussels mwaka 1948 kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi. Ndiyo kusema kilima kimoja kina kurasa mbili zisizokutana. Na kila kazi ina tabia ya kuchoka inapofika ukingoni mwake, kama mkulima anayepalilia vizuri katikati ya shamba na kuacha magugu kwenye mipaka. Kabanga ni ukingo wa shamba hili na ukingo wa shamba lile.

Tena kuna jambo la majina ya mahali. Tawi lililochumwa Ngara wakati wa ukoloni laweza kuandikwa Jimbo la Ziwa, la baadaye Ziwa Magharibi, na la baada ya mwaka 1979 Kagera, na yote matatu yametoka kilima kimoja. Isitoshe, iko Kabanga nyingine, ile ya Kasulu mkoani Kigoma, inayojulikana kwa hospitali yake. Kikaratasi kinachosema “Kabanga” peke yake hakimwambii mtu wa Nairobi au London ni Kabanga ipi.

Watakuwako watakaotupinga, nao wana hoja ya maana. Watasema: mnalia pengo gani? Vitabu havijui, lakini wazee wanajua. Ni kweli kwamba wanajua, na wanajua vizuri. Uko ule mti wa maua mekundu ambao wataalamu huuita Erythrina abyssinica. Jina hilo la kitaalamu latuambia tu kwamba ni mwekundu na kwamba ulijulikana kutoka Uhabeshi. Katika Kirundi, lugha inayosikilizana na Kihangaza cha Ngara, mti huo huitwa umurinzi, yaani mlinzi, na ulikuwa na mahali pake katika ibada za kale za Kiranga. Jina la kwanza limebeba rangi, la pili limebeba maisha ya watu. Kadhalika kile kichaka chenye majani machungu, Vernonia amygdalina, ambacho hutumiwa kwa homa na maumivu ya tumbo: Warundi na Wanyarwanda hukiita umubirizi, na Wahaya omubilizi. Jina limevuka mipaka yote ambayo vitabu vilishindwa kuivuka. Mwanafunzi akiambiwa kwamba elimu ya mimea ilianza siku Grant alipofika Karagwe, na acheke.

Hata hivyo, hatuungi mkono hoja hiyo hadi mwisho wake. Elimu ya wazee nayo ina mapengo, na si heshima kwao kujifanya kwamba haina. Mzee hutaja kwa jina mmea unaoponya, unaolisha, unaojenga, unaoua ng'ombe, au unaohusika na mizimu. Lakini vile vijimea vingi visivyo na faida wala hatari huitwa majani tu, nyasi tu, magugu tu. Mgeni hakuviona kwa kuwa alipita barabarani. Mwenyeji hakuvipa jina kwa kuwa havikumhusu. Kila mmoja ameona kadiri ya haja yake. Zaidi ya hayo, mganga ana haki ya kuficha dawa yake, na mara nyingi hufa nayo. Serikali ililitambua jambo hili mapema. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, ambacho baadaye kimekuwa taasisi kamili. Lakini kitengo cha namna hiyo hutafuta dawa, na kwa kutafuta dawa hupita juu ya kila kisicho dawa.

Sasa tuje kwenye uchungu wa jambo lenyewe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakakusanyika Benaco, wilayani Ngara. Wengine waliendelea kuja, na kambi zikaongezeka. Watu wale walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea vibanda, kwani mtu hupika kwanza ndipo aishi, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuwalaumu. Vilima vilivyozizunguka kambi vilibaki wazi. Hadi mwisho wa mwaka 1996, Wanyarwanda wengi walikuwa wamerudishwa kwao. Wakati huo uliwezekana kuhesabu mahema, chakula kilichogawiwa na visima vilivyochimbwa. Miti iliyokatwa nayo ilikadiriwa kwa wingi wake, kama kuni. Jambo lisilowezekana lilikuwa kusema ni aina gani zilizokuwapo, kwa sababu hapakuwa na orodha ya awali ya vilima vile. Kama iko aina iliyotoweka pale, imetoweka bila ya kupata kuwako katika maarifa ya watu. Hatuwezi hata kuiombolezea, maana maombolezo yanahitaji jina.

Linganisheni basi na yaliyo chini ya udongo ule ule. Mnamo mwaka 1976 wachunguzi waliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa waligundua nikeli karibu na Kabanga. Tangu hapo makampuni yamepokezana, mashimo ya uchunguzi yenye jumla ya mamia ya kilometa yametobolewa, na kila kipande cha mwamba kilichotolewa kimepimwa, kikaandikwa na kuhifadhiwa kwa namba yake. Mwaka 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba ambao ulizaa kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Hatusemi nikeli isichimbwe. Nchi inahitaji mali, na watu wa Ngara wanahitaji kazi. Twasema tu kwamba tumeujua mwamba ulio mamia ya mita chini kuliko tunavyolijua jani tunalolikanyaga. Kwa nini? Kwa sababu mwamba una bei. Na hapo ndipo pengo la kitabu linapokuwa jambo la maadili, kwani linaonyesha kwamba kutojua kwetu hakukutokea tu. Tulichagua cha kukijua, na kwa kuchagua hicho tukachagua cha kutokijua.

Itasemwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalazimisha tathmini kabla ya mradi mkubwa. Ndiyo, na ni sheria njema. Lakini tathmini hufanywa wakati trekta limeshaagizwa, kwa siku zilizopangwa, katika eneo la mradi tu. Tukumbuke Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa wakati wataalamu walipogundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko yale, na hakuna pengine duniani alikojulikana. Maji yalipochepushwa manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka mwituni. Waliosalia walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, na kazi ya kuwarudisha imekuwa ndefu na ya gharama. Katika korongo hilo hilo uligunduliwa mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, ulioelezwa rasmi mwaka 2004, baada ya mitambo kuanza kazi. Kahawa! Mmea ambao taifa letu limeuuza nje kwa zaidi ya karne moja, na ndugu yake alikuwa bondeni bila ya kujulikana hadi mradi wa umeme ulipomtoa mafichoni.

Wala mtu asidhani kwamba visivyojulikana ni vidogo tu. Katika milima hiyo hiyo ya Udzungwa, mwaka 2019, alionekana mti wenye urefu wa mita 40 hivi ambao haukuwamo katika kitabu chochote. Ulitangazwa kwa jina la Tessmannia princeps mwaka 2025. Mtafiti aliyeutangaza alikuwa Mwitalia, lakini pamoja naye walikuwako watambuzi wa mimea waliokulia katika vijiji vya huko. Mti wa mita 40 hausemwi kwamba ulijificha. Na kama Udzungwa, milima inayotembelewa na wataalamu kutoka pande zote za dunia, yaweza kuwa na mti kama huo, tutasema nini juu ya mabonde ya Ruvubu, ambako si wengi wapitao?

Basi ni wajibu wa nani kujua? Jibu la haraka ni kwamba ni wa wataalamu. Sisi twaona jibu hilo lina uvivu ndani yake. Mtaalamu wa Arusha au Dar es Salaam atakuja Kabanga mara moja, labda mara mbili, na wakati atakaokuja utategemea fedha na barabara, siyo maua. Anayeweza kuuona mmea miezi kumi na miwili ya mwaka ni yule anayeishi nao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isiwe kisiwa kilichotengwa na jamii yake. Wengi wetu tuliielewa kuwa ni jembe na shamba la shule, na jembe ni jambo jema, lakini mazingira ya shule hayaishii shambani. Leo wanafunzi hupanda mikaratusi kwa maelfu, mti wa Australia, na baadhi yao huweza kuutaja kwa jina lake la Kilatini bila kusita. Muulize mwanafunzi huyo huyo jina la kichaka alichokikata ili apate nafasi ya kuupanda huo mkaratusi.

Vifaa si vya kutisha: magazeti ya zamani, mbao mbili, kamba, penseli, na daftari. Kazi yenyewe yahitaji subira na ukweli. Mwanafunzi achume tawi lenye ua, na mmea ukiwa mmoja tu auache uishi. Aandike kilima na kijiji kwa jina linalotumiwa na watu wa pale, kisha kata, wilaya na mkoa, ili Kabanga ya Ngara isichanganywe na ya Kasulu. Aende kwa bibi yake au kwa mchungaji wa ng'ombe, aulize jina kwa Kihangaza au Kishubi, aliandike kama alivyolisikia, pamoja na jina la aliyemwambia, akikubali. Maana katika vikaratasi vya zamani jina la mchumaji huandikwa kwa wino, na yule aliyemwonyesha njia na kumtajia mmea mara nyingi hakuandikwa kabisa. Akiambiwa “haina jina”, aandike hivyo hivyo, kwamba haina jina. Hilo nalo ni maarifa, kwani sasa pengo limetiwa alama. Habari za dawa aziandike kwa idhini tu. Tawi moja libaki shuleni, na jingine lipelekwe Arusha.

Katika vilima vya nyasi ambavyo huchomwa moto kila kiangazi, kuna mimea ambayo shina lake lote liko chini ya udongo. Moto ukipita, mnamo Agosti au Septemba, huchomoza ua kwenye majivu kabla hata ya kutoa jani, rangi ya zambarau, ya manjano au nyeupe, juu ya ardhi nyeusi. Hukaa majuma machache tu. Wakati huo shule ziko wazi, na watoto hupita papo hapo wakienda kuteka maji. Mvua zikianza, nyasi hukua upesi zikaifunika, na anayepita kwa gari akielekea Rusumo huona kilima cha kijani, akaandika katika daftari lake: nyasi.